Umenunua kieneo chako cha kuwinda Marekani? Chenso iache kwenye boksi kwanza

Wadau mlioko huku Marekani, hii ni kwa wale mliochoka kuomba ruhusa kwenye mashamba ya watu kila Novemba na mmeamua kuchukua kipande chenu wenyewe. Mimi na jamaa zangu wawili tulijichanga tukanunua ekari 40 kaskazini mwa Missouri, kaunti ya Macon. Ekari 40 za huku ni mraba wa futi 1,320 kila upande, robo maili kwa robo maili, kwa hiyo usijione umenunua Selous. Na siku ileile tuliyosaini karatasi tulipitia dukani tukabeba chenso mbili. Yaani hata mpaka wa eneo wenyewe tulikuwa hatujauona, lakini chenso tunazo!

Kiburi kilikuwa changu hasa. Mimi nimekulia Mafinga, kule jogoo akimaliza kuwika zinaanza chenso, miti ya Sao Hill imewalisha watu kibao mtaani kwetu, nikajiona misitu naijua. Kumbe paini za kupandwa kwa mstari ni kitu kimoja na msitu mchanganyiko wa Missouri ni kitu kingine kabisa. Mwaka wa kwanza tuliangusha miti ambayo leo nikiikumbuka nasikia vibaya. Kwa hiyo nawapa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya.

Hatua ya 1: Tembea, usikate kitu

Nenda Januari mpaka Machi mwanzoni, msimu umeisha, majani yamedondoka, unaona mpaka mbali. Hapo njia za kulungu (wenyewe wanawaita whitetail) zinaonekana kwenye theluji au kwenye majani yaliyokanyagwa utafikiri mtu kachora. Angalia wanapolala, mara nyingi ni kwenye kibega cha kilima au ndani ya kichaka, utakuta majani yamebonyea umbo la yai. Angalia miti midogo iliyochubuliwa maganda na pembe za madume. Kila kitu piga pini kwenye simu, sisi tunatumia onX, app ya ramani ya wawindaji, ukishapiga pini 60 au 70 eneo linaanza kukuongelesha lenyewe.

Tafuta na kona za eneo. Zetu mbili zilikuwa na nondo ardhini, moja hatukuiona kabisa mpaka tukamlipa mpimaji. Usibane hela hapo, maana Missouri ukikata mti wa jirani bila haki sheria inaruhusu akudai mara 3 ya thamani yake, na mti mmoja wa wolnati mzuri unaweza kukutoa jasho. Ukishajua mpaka paka rangi ya zambarau. Ndio, zambarau, hapa Missouri rangi hiyo kwenye mti au nguzo ina nguvu ya bango la "usiingie": mstari wa wima usiopungua inchi 8, chini yake ianzie futi 3 mpaka 5 kutoka ardhini, na kutoka alama moja hadi nyingine isizidi futi 100.

Halafu piga simu Missouri Department of Conservation, idara ya jimbo ya wanyamapori na misitu, uombe mtaalamu wao wa ardhi za watu binafsi aje mtembee naye. Ni bure. Sisi tulimwita tumeshachelewa. Alisimama kwenye kisiki chetu kimoja kikubwa, akainama akaokota jani kavu, akatuonyesha zile ncha zake za mviringo, akasema huu ulikuwa mwaloni mweupe. Hakuongeza neno. Somo lenyewe ni rahisi: jani la mwaloni mweupe lina vidole vya mviringo, la mwaloni mwekundu lina ncha kali. Mbegu za mweupe zinakomaa mwaka mmoja na hazina uchungu sana, za mwekundu zinachukua miaka miwili na ni chungu zaidi, kulungu akizikuta zote anaanza na za mweupe. Kwa hiyo ule mti tuliuangusha ili tupande chakula cha kulungu, na ndo ulikuwa chakula chenyewe.

Tukiwa hapohapo kwenye sheria, ardhi ni yako ila mnyama si wako, ni mali ya umma. Mkazi wa Missouri mwenye ekari 10 au zaidi zilizoungana anaweza kupata kibali cha mmiliki cha kulungu bila malipo, lakini lazima ajisajili na alete ushahidi wa eneo. Uliyezaliwa Januari 1, 1967 au baada ya hapo, kuwinda kwa bunduki kunataka cheti cha mafunzo ya uwindaji. Kuwinda kulungu juu ya mahindi uliyomwaga ni kosa, usidanganywe na video za majimbo mengine. Mambo ya kuwalisha tu na kuwawekea chumvi nayo yana masharti yake kwa sababu ya ule ugonjwa wa CWD, unaoharibu ubongo wa kulungu mpaka afe, na kaunti yetu hii ya Macon ndo walipopatikana kulungu wa porini wa kwanza wa jimbo wenye ugonjwa huo, mwanzoni mwa 2012. Kanuni zinabadilika, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka husika, cha mwaka jana kiwashie moto. Na kama uko huku kwa viza ya muda, kabla hujagusa bunduki ongea na wakili wa uhamiaji, hilo halina utani.

Hatua ya 2: Gawa eneo kichwani kabla ya kuligawa kwa chenso

Hapa pafupi. Chagua sehemu ya kulala kulungu ambayo ninyi wenyewe hamtaingia mwaka mzima, kwetu ni kama ekari 12 katikati. Chagua njia yenu ya kuingilia, ipite pembeni, na iwe ambayo upepo ukitoka kaskazini magharibi, unaovuma sana kule msimu wa bunduki, haupeleki harufu yako chumbani kwao. Kulungu anasamehe kelele ya chenso kuliko anavyosamehe harufu ya mtu asubuhi ya msimu. Miti ya kuachwa ifunge utepe wa rangi moja na ya kukatwa rangi nyingine, halafu ondoka, rudi wiki ijayo uangalie kama bado unakubaliana na wewe mwenyewe. Sisi tuliondoa tepe karibu nusu.

Hatua ya 3: Sasa itoe chenso, na ujifunze kuitunza kabla ya kuitumia

Kwa kazi ya ekari kama hizi hauhitaji dude la wapasua mbao. Mashine ya cc 50 mpaka 55 yenye upanga (kile kibao cha chuma ambacho cheni inakizunguka) wa inchi 18 inatosha. Moja yetu ni Stihl MS 271, nyingine Husqvarna 455 Rancher, zote zinafanya kazi, ubishi wa ipi bora waachie wenye muda. Ule upanga wenyewe wanauita baa, na ukimwambia mama watoto "naenda kusafisha baa" jiandae kujieleza.

Mafuta kwanza, maana ndo yanaua chenso nyingi kuliko kitu chochote. Injini ni ya tu-stroki, haina sampu ya oili, oili yake inakuja ndani ya petroli. Kiwango ni 50 kwa 1: galoni moja ya Marekani na oili aunsi 2.6, au kwa wanaofikiri kwa lita, mililita 20 kwa kila lita. Tumia petroli isiyo na ethanoli ukiipata, maana ethanoli inavuta maji na inakula mipira ya kabureta. Changanya kidogo, cha kutumia mwezi mmoja basi. Dumu liandike kwa maka peni nene "CHENSO" na tarehe. Sisi hatukuandika, madumu mawili mekundu yanafanana kama mapacha, mmoja wetu akamimina petroli tupu, mashine ikalia vizuri kama dakika tano, tena kwa sauti kali tamu hivi, halafu ikakata. Ukivuta kamba haiji. Pistoni imejikwangua kwenye silinda, kufufua ilikuwa bei ya karibu mashine mpya. (Aliyemimina ni mimi, haya nimesema.)

Oili ya cheni ni kitu kingine, ina tangi lake. Kila ukijaza petroli jaza na hiyo. Kujua kama inafika, elekeza ncha ya upanga kwenye kisiki kisafi kama inchi 8 hivi, kamua akseleta kidogo, unatakiwa uone mstari mwembamba wa oili umechorwa. Hakuna mstari? Zima, fungua kava, tundu la oili limeziba na ule uji wa vumbi na mafuta.

Cheni. Ivae glovu kwanza ndo uishike. Meno ya kukata, upande wa juu wa upanga, yanatazama mbele kwenye ncha. Jamaa yetu mmoja aliivalisha kinyumenyume, akasukuma kwenye gogo mpaka moshi ukatoka, gogo limebabuka jeusi, anailaani kampuni. Kukaza: legeza nati mbili, inua ncha ya upanga kwa mkono, kaza skrubu ya cheni mpaka cheni igandane na upanga kwa chini lakini bado uweze kuizungusha kwa vidole, ndo unakaza nati ukiwa bado umeinua ncha. Cheni mpya inalegea haraka, angalia kila tangi moja. Na ukiikaza ikiwa ya moto, ukimaliza kazi ilegeze, ikipoa inasinyaa na inaweza kuvuta mpaka mhimili wa injini.

Kunoa ndo roho ya jambo. Marehemu mjomba wangu alikuwa hakai chini kula mpaka kanoa. Alikuwa anachomeka ncha ya upanga kwenye ufa wa kisiki, anawasha sigara, halafu tupa inaanza kuimba, msukumo mmoja, mwingine, wa tatu, anasogeza cheni kwa kidole gumba, jino linalofuata. Mitatu mitatu, hazidishi. Nilidhani ni mazoea tu ya mzee, kumbe ndo kanuni yenyewe: kila jino lipate misukumo sawa ili meno yabaki urefu mmoja. Meno ya kushoto yakiwa marefu kuliko ya kulia chenso inakata kwa kupinda, utafikiri upanga umekunjika.

Unafanya hivi. Tafuta tupa ya mviringo ya saizi ya cheni yako, imeandikwa kwenye boksi la cheni: cheni ya .325 inataka milimita 4.8, ile ndogo ya 3/8 bapa ya chenso nyepesi inataka milimita 4, ya 3/8 kubwa ni 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji. Weka breki ya cheni. Kila jino lina mstari mdogo umechongwa juu, kwa nyingi ni nyuzi 30, fuata huo. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, mwelekeo mmoja, ukirudi inua tupa, usisugue kama unaosha sufuria. Anza na jino lililoumia kuliko yote ujue kiwango, maliza upande mmoja wote, geuka upande wa pili. Kila ukinoa mara nne au tano, shughulika na vile vijino vifupi vilivyo mbele ya meno, tumia kile kibati cha kipimo na tupa bapa, vinatakiwa viwe chini ya jino kwa kama milimita 0.65. Ukivishusha sana chenso inang'ata kwa hasira na inaruka, hapo unajitafutia hospitali.

Utajuaje imeisha makali? Angalia inachotema. Ikitema vipande vya mraba vinavyodondoka kwenye buti, iko sawa. Ikitema unga kama wa sembe, simama unoe, usiegemee. Kitendo cha kuegemea ndo kinachochosha mtu, kinachoma klachi, kinakula upanga. Na cheni ikigusa udongo sekunde moja tu, kazi yako ya dakika kumi imeondoka.

Mengine ni usafi. Jioni ya kila siku ya kazi: fungua ea filta, ipige brashi, ikizidi ioshe maji ya vuguvugu na sabuni na iachwe ikauke kabisa. Vua upanga, kwangua mfereji wake kwa kibati chembamba, ugeuze juu chini kabla ya kurudisha ili uliwe pande zote. Pembeni kwenye sproketi, kile kigurudumu cha meno kinachozungusha cheni, toa ule uchafu. Plagi itazame kila baada ya miezi kadhaa, nafasi yake ni milimita 0.5, ikiwa nyeusi na imelowa ujue mchanganyiko au filta ina shida. Kabureta usiichezee kwa bisibisi kama hujui, mashine ikigoma ni filta, plagi au petroli ya zamani mara tisa katika kumi.

Hatua ya 4: Kukata kwenyewe

Helmeti yenye wavu na vizuia masikio, miwani, buti, na yale masuruali ya kinga, chapsi. Ndani yake kuna nyuzi ndefu ambazo cheni ikigusa zinachomoka na kujifunga kwenye sproketi, chenso inasimama kabla haijafika mfupani. Usiende peke yako. Kuwasha, iweke chini, buti ndani ya mshikio wa nyuma, breki imewekwa, ndo uvute. Ule mtindo wa kuirusha hewani huku unavuta kamba uache, hata kama mjomba alikuwa anafanya.

Kazi za chenso kwetu ni tatu tu. Ya kwanza, kuipa mialoni mizuri jua: chagua mwaloni mweupe wenye kichwa kizuri, kata majirani wanaogusa matawi yake, angalau pande tatu. Hapo mti unatanuka na mbegu zinaongezeka miaka inayofuata. Miti ya mialoni usiijeruhi kuanzia Machi mpaka Juni, kuna ugonjwa wa mnyauko unaosambazwa na vidudu vinavyofuata jeraha bichi. Sisi tunakata baridi.

Ya pili, kata ya bawaba. Vimti visivyo na thamani vya unene wa inchi 4 mpaka 8, elmu, mepo, hikori iliyopinda, unavikata kwa urefu wa kiunoni, kwa mshazari, mpaka kama theluthi mbili au zaidi kidogo, halafu unausukuma ulale huku ukiwa umeshikwa na ngozi. Unaendelea kuishi, unachipua chini kwenye mdomo wa kulungu na unakuwa kitanda chao. Ila hii kata ina ubaya wake, mti unaweza kupasuka kwa wima na kukurudishia teke la kidevuni. Kaa pembeni, usisimame nyuma yake. Na mti wa eshi usiuguse kwa mtindo huu. Eshi nyingi zimekufa sababu ya mdudu wa kijani aliyeonekana Missouri 2008, zikikauka zinavunjika hovyo na matawi yanakuangukia kichwani.

Mti mkubwa wa kuangusha kawaida: tazama juu kwanza kama kuna tawi kavu limening'inia, safisha njia ya kukimbilia nyuma kwa mshazari, wengine wakae umbali wa miti miwili. Kata mdomo, yaani pengo la kama kabari, upande utakaoangukia mti, mpana wa nyuzi 70 na zaidi, kina chake kama robo ya unene. Kata ya nyuma iache bawaba, ule mti usiokatwa katikati, nene kama sehemu moja ya kumi ya unene wa mti, na kabari ya plastiki ipigwe mapema kabla mti haujakalia upanga. Ukianza kusikia nyufa, chomoa, ondoka, usisimame kuangalia.

Ya tatu ni hanisako, kichaka cha kigeni kinachofunika chini chote. Dawa yake ni Oktoba na Novemba, miti yote imepukutika chenyewe bado kijani, unakiona kwa mbali. Kata chini kabisa, halafu paka glifosati, dawa ya kuua magugu, kwenye kisiki ndani ya dakika chache. Ukisema utapaka kesho, mwakani utakuta vichaka kumi.

Hatua ya 5: Chakula cha kupanda

Wengi wanaanzia hapa, mimi naweka mwisho. Nusu ekari hadi ekari moja inatosha. Pima udongo kwanza kupitia University of Missouri Extension, wetu ulisoma pH 5.4, yaani una asidi nyingi, kabla ya mbegu yoyote tukaweka chokaa kwa tani walizoandika. Septemba tunamwaga ngano, kama ratili 100 kwa ekari. Februari, udongo ukiwa unaganda usiku na kuyeyuka mchana, tunatembea tunarusha mbegu za klova, majani ya malisho, juu ya ngano hiyohiyo, ratili 6 mpaka 8, udongo wenyewe unaimeza mbegu. Trekta hatuna.

Kuanzia Aprili kupe ni wengi balaa, nguo zipulizie pamethrini, dawa ya kuua wadudu, siku moja kabla. Kuna kupe mwenye doa jeupe mgongoni, akikung'ata unaweza kupata aleji ya nyama nyekundu, na fikiria mtu wa Tanzania anaambiwa mbuzi choma basi.

Hatua ya 6: Kuilaza chenso

Mwisho wa Machi sisi tunafunga. Mwaga petroli yote, washa iungurume mpaka ijizime yenyewe ili kabureta ikauke. Vua cheni, iloweke kwenye kopo la oili. Chomoa plagi, dondoshea oili kijiko kidogo cha chai, vuta kamba taratibu mara mbili, rudisha plagi. Noa cheni ya akiba sasa hivi ukiwa na muda, iviringishe kwenye gazeti, uandike juu yake saizi ya tupa. Petroli iliyobaki kwenye dumu usiwekee chenso msimu ujao, mimina kidogokidogo kwenye tangi la gari lililojaa, oili ile kidogo gari haitaisikia.